Jina la Kuitwa na Mwenzako

Washenga wa Kizulu hawabishi hodi kama sisi. Kwa desturi ya zamani, ambayo bado inafuatwa katika nyumba nyingi za KwaZulu-Natal, wanafika alfajiri giza halijapasuka vizuri, wanasimama nje ya lango la kwao binti, na mkubwa wao anapaza sauti kuuita ukoo wa mwenye nyumba kwa majina yake ya sifa. Kama nyumba ni ya akina Mkhize ataanza na Khabazela, atamtaja Mavovo, atampitia Gcwabe, ataongeza mengine aliyofundishwa, ndipo aseme kilichowaleta. Ndani watu wameshaamka na wanasikia kila neno. Hawajibu. Wageni wanaweza kuachwa pale hadi jua lichomoze liwakute bado wanaita. Muda wote huo wazee wa nyumba wanapima. Majina yamefuatana ipasavyo au yamerukwa? Sauti imetulia au inababaika? Huyu aliyetumwa amekaa na wakubwa akafunzwa, au ameyaokota njiani? Ng'ombe wa mahari hajatajwa hata mmoja, lakini familia ya kijana imeshaonyesha kama imejitaabisha kuwajua watu inaotaka kuwachukulia mtoto.

Majina hayo ndiyo izithakazelo, na kwa umoja ni isithakazelo. Kila ukoo una ya kwake. Khumalo huitwa Mntungwa. Buthelezi huitwa Shenge, Mthethwa huitwa Nyambose, Ndlovu huitwa Gatsheni, Cele huitwa Ndosi, Shabalala huitwa Mshengu. Jacob Zuma, rais wa Afrika Kusini kuanzia 2009 hadi 2018, kwa wafuasi wake ni Msholozi. Lakini hilo Msholozi ni la akina Zuma wote, hata yule anayepanga mafungu ya nyanya kando ya barabara Pietermaritzburg. Anayenunua nyanya zake, akijua jina lake la ukoo, atamshukuru kwa neno lilelile ambalo umati wa watu ulimpigia kelele rais uwanjani. Nalipenda sana jambo hili. Sifa nyingi duniani hugawiwa kwa cheo au kwa mali, na hii humfikia mtu kwa kuzaliwa tu.

Matumizi yake ya kila siku ni mepesi, na wepesi huo usimdanganye mtu akadhani ni jambo dogo. Watu wawili wanakutana kwenye foleni ya kliniki. Mmoja anauliza mwenzake ni wa kwa nani. Akijibu kwamba ni Khumalo, wa kwanza anasema, "Mntungwa!" na mazungumzo yanabadilika hapohapo, kwa sababu mgeni ameambiwa kwamba watu wake wanajulikana. Bibi aliyemtuma mjukuu maji hashukuru kwa neno la asante peke yake. Anampa mtoto na jina la ukoo wake, na mtoto anasimama wima kidogo. Mwalimu analitumia kumsifu mwanafunzi aliyejibu vizuri, na mzee analitumia kumpoza kijana aliyepandwa na hasira, maana ni vigumu kuendelea kugomba huku unaitwa kwa jina la babu wa babu yako.

Waliosoma fasihi simulizi shuleni watakumbuka kivugo, au majigambo, ambamo shujaa husimama mbele ya watu akajitapa mwenyewe kwa aliyoyatenda. Isithakazelo kimekwenda upande mwingine. Mtu anayajua ya kwake, na akiulizwa atayataja bila kusita, lakini kazi yake hasa ni kuitwa. Hayana ladha mpaka mwenzako ayatamke. Maana yake ni kwamba heshima yako imewekwa midomoni mwa majirani, wakwe, walimu, hata wapita njia, na wao wanategemea wewe uwe umeyahifadhi ya kwao. Mtu mwenye adabu katika jamii hii anajua ya koo nyingi, angalau jina la kwanza la kila ukoo anaokutana nao mara kwa mara. Ukiwakuta wazee walioshika mengi, wanaoweza kumpokea kila anayeingia kwenye sherehe kwa majina yake matatu manne bila kutafuta, umewakuta mafundi.

Dunia nzima ilikwisha kuionja sanaa hii bila kujua. Nelson Mandela alikuwa Mthembu, mzungumzaji wa Kixhosa, na kwao majina haya huitwa iziduko, lakini mzizi wa desturi ni mmoja. Madiba, jina ambalo watu wa Dar es Salaam, Havana na Oslo walimwita kwa mapenzi, ni la ukoo wake, nalo latokana na mtawala wa Wathembu wa karne ya 18. Kila aliyesema Madiba alikuwa anamwamkia mzee huyo pia.

Tuketi kwanza na akina Mkhize tuone fundi anavyofanya kazi. Khabazela kaMavovo, ndivyo inavyosemwa, yaani Khabazela wa Mavovo. Khabazela ni mtu, Mavovo ni baba yake. Gcwabe ni mtoto wa Khabazela, na ndiye aliyemzaa Zihlandlo, mtawala wa akina Mkhize enzi za Shaka, mfalme wa Wazulu. Zihlandlo alikuwa kipenzi cha mfalme huyo hadi Shaka alipouawa Septemba 1828. Dingane, aliyeshiriki mauaji hayo na kuurithi ufalme, baadaye akaamuru Zihlandlo naye auawe, na watu wake wengi wakakimbilia kusini. Hayo yote, urafiki, usaliti, damu na safari, hayamo katika majina matatu tuliyoyataja. Aliyeyapanga aliacha karibu kila kitu nje. Alichobakiza ni majina yenyewe na utaratibu wa nani alimzaa nani, akiamini kwamba atakayefundishwa kuyaita atauliza, na atakayeulizwa atasimulia. Jioni moja ya mazungumzo inaweza kutoka katika neno moja, na neno hilo linabebwa kwenye pumzi moja hadi kwenye foleni ya kliniki.

Masikio ya Kiswahili hayapati shida kulisikia umbo la majina haya. Kama kwetu, silabi ya pili kutoka mwisho ndiyo yenye uzito, na Wazulu huivuta zaidi sentensi inapokwisha: Khabaze-e-la, Nyambo-o-se. Mwitaji mzuri huitumia hiyo kama mahali pa kupumzika. Analitupa jina la kwanza juu, analiacha lishuke, anameza mate, anashika la pili. Asiye fundi huyamwaga kwa mfululizo kama anayesoma orodha ya wanafunzi asubuhi, na hapo ni majina kweli, lakini hayamwamshi mtu. Hata urefu una kanuni zake. Salamu ya njiani inataka jina moja. Shukrani kubwa, mawili au matatu. Harusi inapopamba moto, bibi harusi anapoingia uwanjani na shangazi zake wakaanza kuuita ukoo wao kwa vigelegele, hapo mlolongo mzima unafunguliwa, na anayeushika hadi mwisho hutazamwa na vijana kwa macho ya wivu.

Mlolongo huo hauna majina ya watu peke yake. Katikati yake hupachikwa vijisentensi vilivyobeba kisa kizima kwa maneno matatu manne. Akina Hadebe, wa asili ya Wahlubi, wana Bhungane na Mthimkhulu, watawala wao wa kale, kisha wana Mashwabada, ambaye sifa zao zinadai alimeza ng'ombe pamoja na pembe zake. Hebu itazame picha hiyo. Hakuna maelezo ya vita, hakuna idadi ya mifugo iliyotekwa. Kuna koo moja tu pana na pembe zinazopita ndani yake, na kila mtoto wa Hadebe anayeisikia kwa mara ya kwanza hucheka, akashtuka, kisha haisahau tena maisha yake yote. Aliyeitunga hakuacha jina lake. Nadhani angepata nafasi popote penye washairi.

Sasa nifike kwa wanaoitunza sanaa hii, maana nikisikia watu wakiizungumzia huwataja wazee wa kiume waliokaa zizini, na hilo ni nusu ya ukweli. Mzulu haoi ndani ya ukoo wake. Kwa hiyo kila mama wa nyumba ametoka kwingine. Akiolewa haachi jina la kwao: binti wa Khumalo aliyeolewa kwa Mkhize ataitwa MaKhumalo hadi uzeeni, na wakwe wakitaka kumshukuru kwa chakula alichopika watamwita Mntungwa, kwa sifa ya baba yake. Lakini watoto anaowazaa ni wa Mkhize. Mtoto anapolia usiku, mama huyu humpakata, humpigapiga mgongoni, na kumchombeza kwa Khabazela, kwa Mavovo, kwa Gcwabe, majina ya watu ambao si wa damu yake hata chembe. Mtoto huyasikia kabla hajajua maneno, pamoja na joto la kifua na mwendo wa mkono. Akikua akiulizwa aliyajulia wapi, atasema alizaliwa nayo, na karibu ni kweli.

Yaani urithi wa ukoo wa mume unapandikizwa na mgeni. Kila kizazi, mwanamke aliyekuja na majina ya kwao hujifunza ya kwa mumewe, mengi akiyapokea kwa mama mkwe ambaye naye alikuja kutoka kwingine, na kuyapanda katika vinywa vya watoto. Jina la baba mkwe wake mwanamke huyo halitamki. Desturi ya heshima, hlonipha, inamkataza, na zamani ilimtaka akwepe hata maneno ya kawaida yanayofanana na jina hilo. Mlango alioachiwa ni sifa ya ukoo, na ameutumia vizuri kiasi kwamba nyumba nzima inamtegemea.

Na hakuishia kutunza cha wenzake. Zipo sifa nyingine, izangelo, ambazo mama humtungia mtoto wake mchanga, za mtoto huyo peke yake. Humo ndimo alimopata nafasi ya kusema yake. Mke mdogo asiyeweza kumjibu mama mkwe, au aliyechoshwa na maneno ya mke mwenza, humrusharusha mtoto mikononi uani na kumwimbia kwamba wewe ndiye uliyezaliwa wakati watu fulani walisema sitazaa, wewe ndiye uliyenyamazisha midomo. Kila mtu anasikia na hakuna wa kumshtaki, kwani anachombeza mtoto. Wanawake wa pwani yetu, waliokwisha kumfikishia mtu ujumbe kwa maandishi ya kanga bila kufungua kinywa, hawahitaji kuelezwa zaidi. Mtoto huyo akikua anabaki na yote mawili: majina ya ukoo aliyopewa na kundi zima, na maneno machache ambayo ndani yake mama yake alijiwekea kumbukumbu.

Kuna na tabia nyingine ya izithakazelo inayonistaajabisha kila ninapoirudia, nayo ni jinsi zilivyokataa kutii vita. Ufalme wa Shaka ulijengwa kwa kuziunganisha koo zilizojitawala, mara nyingi kwa mkuki. Kabla yake Dingiswayo wa Jobe, mtawala wa Mthethwa na mlezi wa Shaka katika mambo ya utawala, aliuawa na Zwide wa Langa, mtawala wa Ndwandwe. Shaka akaja akamvunja Zwide, na watu wake wakasambaratika hadi nchi za mbali. Ungetegemea jina la Zwide lifutwe. Leo majumba ya mfalme wa Wazulu yako Nongoma, katika nchi iliyokuwa ya Ndwandwe, na katika eneo hilohilo mtu wa ukoo wa Nxumalo, wenye asili ya Ndwandwe hao, huamkiwa kwa jina la Zwide na anafurahi. Jirani yake wa ukoo wa Mthethwa anaitwa Nyambose, na katika sifa zake Dingiswayo yumo. Aliyeuawa na aliyemuua wameketi kwenye benchi moja harusini, wanapokezana majina kwa upole, na mfalme wao wote wawili anaitwa Ndabezitha. Historia ya ikulu inasema nani alishinda. Ile inayokaa midomoni mwa majirani haikumtaka mtu yeyote amkane babu yake.

Akina Hadebe nao walipita katika moto wao. Mtawala wao Langalibalele, mwana wa Mthimkhulu, aligombana na serikali ya koloni la Natal mwaka 1873 kwa sababu ya bunduki ambazo vijana wake walizinunua kwa ujira wa migodi ya almasi na serikali ikataka zisajiliwe. Alikimbia kuvuka milima ya Drakensberg, akakamatwa, akahukumiwa mwaka 1874 na kupelekwa kisiwa cha Robben. Watu wake walipokonywa ardhi na ng'ombe. Baada ya hapo wengi wao walitawanyika mashambani kwa Wazungu, migodini, mijini. Leo ukipanda daladala za Johannesburg ukamkuta dereva wa ukoo wa Hadebe au Radebe, abiria anayejua adabu atamlipa nauli na kumwita Bhungane. Zizi lilikwenda, nchi ilikwenda, na salamu ya zizini inaendelea kusikika ndani ya gari lenye muziki mkubwa.

Wapo waliokwenda mbali zaidi, na hapa habari inaingia nyumbani kwetu. Miongoni mwa waliokuwa chini ya Zwide alikuwamo Zwangendaba wa ukoo wa Jele. Baada ya kushindwa kwa Ndwandwe aliongoza watu wake kaskazini, wakauvuka mto Zambezi tarehe 20 Novemba 1835, siku ambayo jua lilipatwa, na wakafika hadi Ufipa, ambako alifariki katika miaka ya 1840. Kutokana na mawimbi ya safari hizo, pamoja na kundi la Maseko lililopita njia yake, wakatokea Wangoni wa Songea. Mmoja wa viongozi wao wa mwanzo huko aliitwa Zulu Gama. Ukoo wa Gama ukatawala Njelu, ukoo wa Tawete ukatawala Mshope, mpaka Wajerumani walipowanyonga viongozi wao Songea mwaka 1906, wakati wa vita vya Majimaji.

Lugha waliyokuja nayo kutoka kusini haikudumu. Kingoni kinachosemwa Songea leo ni ndugu wa lugha za Ruvuma, na cha kusini kimebakiza maneno machache tu. Walioa wenyeji, wakawameza wengi kati yao, na lugha ya akina mama wenyeji ikawameza wao. Lakini Gama hakumezwa. Tawete, Maseko, Jele, Nkosi hawakumezwa. Ni majina unayokutana nayo kwenye daftari la mahudhurio, kwenye timu ya mpira, kwenye mabango ya uchaguzi, na wengi wanaoyabeba hawana habari kwamba Maseko mwenzao yuko Eswatini na kwamba wakikutana wangeweza kuulizana ukoo kabla ya kuulizana nchi. Ningependa sana vijana wa Songea wakae na wazee waliobaki wawaulize jina la ukoo wao linafuatwa na nani, na huyo anafuatwa na nani. Watapata pengo mahali fulani, na watapata vitu pia.

Turudi kusini, kwenye mambo ya ndoa, kwa maana huko majina haya yana nguvu ya sheria. Kijana na binti wanaopendana, swali la kwanza la wazee linahusu ukoo, na si jina la kwenye kitambulisho peke yake. Majina ya vitambulisho yanatofautiana wakati asili ni moja, na izithakazelo ndizo zinazofichua: mkikuta sifa zenu zinakutana kwa babu mmoja, ninyi ni ndugu, na uchumba umekwisha. Lakini koo pia zilijua kujigawa. Ntombela na Biyela hutajwa kuwa matawi ya ukoo wa Zulu wenyewe. Watawala wa kale waliwahi kulitenga tawi lililokwisha kuwa mbali, likapewa jina lake la kusimama, na tangu hapo kuoana kukaruhusiwa. Kwa hiyo mlolongo wa sifa unaonyesha pia mahali mti ulipopasuliwa kwa makusudi, na mjuzi anaposikiliza anayatambua hayo makovu.

Suala zito zaidi ni la mtoto. Aliyezaliwa nje ya ndoa mara nyingi hulelewa kwa jina la kwao mama. Baba akija na kulipa faini ya desturi, inhlawulo, familia zinaweza kukubaliana mtoto ahamie kwenye jina la baba, na hapo huchinjwa mbuzi na mtoto kutambulishwa kwa wahenga. Mzee huwasha impepho, ule mmea mkavu wenye harufu nzuri, katika sehemu ya nyuma ya nyumba panapoitwa umsamo, anapiga magoti, anayaita majina ya ukoo kwa utaratibu wake, mmoja baada ya mmoja, kisha anasema: huyu hapa ni wenu. Kipande cha ngozi ya mbuzi huyo hufungwa mkononi mwa mtoto na kuachwa hapo. Watu wengi wazima, wenye kazi nzuri na magari, hufunga safari kwenda kijijini kulifanya jambo hili wakiwa na umri wa miaka thelathini au arobaini, kwa kuwa wameona hawawezi kuendelea kuitikia majina ya watu wasio wao. Na wengine, baada ya kufikiri, wanaamua kubaki na sifa za babu mzaa mama aliyewalea, nao wanaitikia kwa moyo mweupe. Siwezi kuwaambia wamekosea.

Sitasema mengi juu ya imbongi, mshairi wa sifa wa ikulu, ingawa yeye ndiye anayepigwa picha: ngozi za wanyama, fimbo mkononi, sauti inayokimbia bila kituo, umati ukimchochea kwa kupaza "Musho!". Magolwane kaMkhathini, aliyekuwa imbongi wa Shaka, anakumbukwa hadi leo, na tenzi za wafalme zimeandikwa, zimechambuliwa, zimefundishwa vyuo vikuu. Anastahili. Kazi yake na ya MaKhumalo zinatumia vifaa vilevile, ila yeye alifanya mbele ya jeshi na mama akafanya gizani, akiwa na usingizi.

Maandishi nayo yaliingia mapema. James Stuart, hakimu wa Natal aliyezaliwa mwaka 1868, alitumia miaka mingi kuwahoji wazee na kuandika waliyosema juu ya koo, mila na sifa. Ndukwana kaMbengwana alikuwa miongoni mwa waliozungumza naye kwa muda mrefu kuliko wote, na karatasi hizo ziko Durban katika maktaba ya Killie Campbell. Magema Fuze, mpiga chapa aliyefunzwa na Askofu Colenso, alitoa mwaka 1922 kitabu cha asili ya watu wake, kinachohesabiwa kuwa cha kwanza kuandikwa kwa Kizulu na Mzulu mwenyewe. Hata jina lake ni somo, kwa kuwa Fuze ni miongoni mwa izithakazelo za akina Ngcobo. Leo majina haya yamechongwa kwenye mawe ya makaburi, yamechapishwa kwenye ratiba za mazishi, na yanatumwa kwenye simu kijana wa Johannesburg anapoambiwa ghafla kwamba kesho ndiye atakayewakilisha familia langoni.

Wazee wengine hunung'unika juu ya orodha hizo, na wana hoja. Karatasi inashika toleo moja, wakati nyumba mbili za ukoo mmoja huenda zina mpangilio tofauti na kila moja ina sababu yake. Karatasi pia haisemi wapi sauti ishuke. Lakini mimi niko upande wa yule kijana mwenye simu. Ameuliza. Akiisoma vibaya langoni alfajiri, kuna bibi ndani atakayecheka chini ya blanketi na baadaye, mambo yakitulia, atamwita kando na kumrekebisha: hapo hujapumua, hapo umemruka Mavovo. Mafundi wengi walianza kwa kurekebishwa hivyo.

Na mlolongo wenyewe haujafungwa. Mzilikazi wa Mashobana alimkimbia Shaka, akaanzisha dola ya Wandebele, akafariki mwaka 1868 katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe. Leo jina lake limo katika sifa za akina Khumalo, hata wale ambao mababu zao hawakuondoka kamwe na walibaki chini ya wafalme aliowakimbia. Hakuna kikao kilichoamua limwingie nani na baada ya jina gani. Mtu fulani alimwita mtoto kwa jina hilo kwa mara ya kwanza baada ya Mntungwa, wengine wakaona limekaa vizuri mdomoni, wakalirudia. Mangosuthu Buthelezi, waziri mkuu wa jadi wa wafalme wa Wazulu, alifariki Septemba 2023 akiwa ameitwa Shenge kwa maisha yake yote. Kama siku moja na yeye ataingia kwenye orodha ya Shenge, jambo hilo litaamuliwa na akina mama ambao bado hawajazaliwa, kila mmoja akitafuta jina moja la kuongeza ili mtoto anyamaze.